Majina ya makedi yalifungia roleks

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi na poleni na kazi. Mimi ni msomaji wako, siwezi kusema wa kila siku maana kuna siku hela ya gazeti ndio hela ya mafuta ya boda, lakini la Jumatatu sikosi kwa sababu ya kurasa za michezo. Sasa siku hizi naona mmeanza kuandika gofu na mimi nimefurahi sana, mpira wa miguu tumeshiba. Lakini kila mkigusa historia ya hizi klabu zetu ni hadithi ile ile, wazungu walianzisha mwaka fulani, kapteni wa kwanza bwana fulani, kikombe kinaitwa hivi, halafu picha ya mheshimiwa kavaa suruali nyeupe ameinua fimbo juu, basi imeisha. Mi nauliza swali dogo tu, lile begi la mheshimiwa lilifikaje pale?

Nisijifiche, mimi nilikuwa kedi. Kwa asiyejua, kedi ndio yule anayembebea mcheza gofu begi la fimbo, anatafuta mpira ukipotelea kwenye majani, anashika bendera, anafuta matope, na mpira ukiingia majini yeye ndio anakula kelele kana kwamba ndio aliyeupiga. Nimefanya hiyo kazi miaka minne kwenye klabu moja ya hapa hapa Uganda, jina silitaji kwa sababu kuna ndugu yangu bado anakata nyasi pale na sitaki mtoto wa watu akose kibarua kwa ajili ya barua yangu. Nilianza baada ya kuacha shule S2, yaani sekondari mwaka wa pili. Baba alikuwa polisi, tumehamishwa weee mpaka nimesahau shule ngapi nimepita, na kwenye laini za polisi unajua lugha ni Kiswahili, ndio maana naandika kwako sio kwa wale wa Kingereza.

Sasa ukifika asubuhi saa kumi na mbili, kedi masta, yaani mkubwa wa makedi, anakupa kizibao chenye namba mgongoni. Changu kilikuwa 34. Tangu siku hiyo jina langu likaisha, nikawa Thate Foo, hiyo namba kwa Kingereza. Thate Foo njoo, Thate Foo mpira uko wapi, Thate Foo simama jua lisitupe kivuli chako hapa. Kuna mzee mmoja alinichukua kila Jumamosi karibu mwaka mzima, mtu mzuri tena, hela ya chai anatoa bila kuombwa, anakuuliza mama mzima, kila kitu. Siku moja tukakutana sokoni yuko na mke wake, mi sina kizibao, nimevaa nguo zangu za kawaida. Akaniona, akataka kunisalimia, mdomo ukafunguka halafu ukabaki wazi hivi, akatafuta jina kichwani halipo, mwishowe akasema polepole "ah... Thate Foo". Mkewe akamgeukia akamwangalia. Mi nikacheka, nikamwambia habari za siku mzee, nikapita. Sikumchukia, jina langu angelijulia wapi?

Ndani ya ile klabu kuna ubao. Kedi haruhusiwi kuingia lakini upande wa jiko kuna dirisha, tukisubiri chai tunachungulia, na mi nilichungulia sana mpaka ule ubao nikaujua kama sala. Ni mbao imepigwa vanishi imeng'aa, majina ya makapteni kwa rangi ya dhahabu, kila mwaka na wake. Mwanzo wazungu watupu, wengine wana cheo cha jeshi mbele. Kisha wanaingia Wahindi wawili watatu. Baada ya uhuru wa 1962 majina yetu yanaanza kuchomoza, mmoja, halafu wanne mfululizo. Ukifika miaka ya sabini kuna mistari iko wazi, mwaka umeandikwa lakini hakuna jina, na hiyo haihitaji kuelezwa kwa Mganda yeyote, Wahindi walipewa siku 90 na Idi Amin mwaka 1972 wakaondoka, wazungu wakapungua, na wenyeji waliobaki nani alikuwa na raha ya kwenda kupiga mipira jioni. Kwa hiyo usiniambie ubao hausemi kitu. Unasema mengi sana. Ila kuna watu ambao hata walipokuwepo kila siku ya Mungu ubao uliwapita.

Tuzungumze historia kidogo maana naona vijana wanadhani gofu ililetwa juzi na wafanyabiashara. Klabu ya Entebbe ndio ya zamani kabisa, mwanzoni mwa karne ya 20, na inaeleweka, Entebbe ndio palikuwa makao ya serikali ya kikoloni, jina lenyewe kwa Kiganda ni kiti, sasa wenye kiti walitaka pa kunyoosha miguu jioni na ziwa lile pale chini na upepo wake. Kampala ikafuata, Uganda Golf Club ilianza 1908, hii ya Kitante iliyoko bondeni kati ya Kololo na Nakasero, ukiwa kwenye jamu ya Yusuf Lule Road unaiona pembeni kijani tupu huku wewe unavuta moshi wa taxi iliyo mbele yako. Mashimo 18. Ardhi yake ilikuwa kubwa kuliko unavyoiona leo, Garden City na ile hoteli ya jirani vimesimama palipokuwa pa gofu, watu wa rika langu hawakumbuki lakini wakubwa wanakumbuka.

Halafu chukua ramani ufuate, kila palipokuwa na ofisi kubwa ya mkoloni au kampuni kubwa, gofu haikuwa mbali. Kilembe walichimba shaba, wakachimba na mashimo ya gofu. Fort Portal kwenye chai, ipo. Lugazi kwenye miwa, ipo. Tororo ipo, Kabale kwenye baridi ipo. Na wakati wa ukoloni Mwafrika aliingia kwenye viwanja hivyo kwa milango miwili tu, kukata nyasi au kubeba begi. Sasa mtu akinisomea historia ya klabu kuanzia 1908 mpaka 1962 na kedi hatajwi hata mstari mmoja, si ananiambia kwamba miaka hamsini na kitu Mwafrika hakuwepo pale? Alikuwepo! Alikuwa hatua mbili nyuma ya mzungu, begi begani.

Chukua Jinja. Kila mtu anayependa gofu anaijua ile sheria ya Jinja, kiwanja kidogo cha mashimo 9 pale karibu na Nile, viboko walikuwa wanapanda usiku kula majani, asubuhi wanarudi majini wameacha alama za miguu kwenye nyasi kama masufuria yamepangwa. Mpira wako ukidondoka kwenye alama ya mguu wa kiboko, sheria ya kiwanja ilikuwa inakuruhusu uokote kwa mkono usogeze pembeni bila adhabu. Wageni wakiisikia wanacheka mpaka machozi, iko kwenye vitabu vya watalii, na mimi naipenda kwa sababu hiyo ndio mila ya gofu iliyozaliwa Uganda yenyewe, haikuja na meli. Lakini kaa ufikirie. Asubuhi na ukungu wa mto, alama mbichi, maji yako pale. Nani alitangulia kwenda kuangalia kama mwenye mguu ameshaondoka? Bwana mkubwa? Mi nimewahi kubeba begi Jinja mara moja, mwajiri wangu wa siku hiyo alialikwa huko, mpira wake ukateremkia upande wa mto, akasimama, akawasha sigara, akaniambia nenda uone. Nikaenda. Kiboko hakuwepo, alikuwepo korongo mmoja amesimama kwa mguu mmoja ananiangalia kama mimi ndio mjinga.

Sasa kuna watu watasema ah, hizo ni mila za gofu, zilitoka Scotland hivyo hivyo, kedi ni kedi. Hapo ndipo nataka tubishane kidogo, kwa sababu usiku nikiwa stendi nasubiri abiria huwa nasoma hayo mambo kwenye simu, na nimegundua tumeiga nusu nusu.

Gofu Scotland ni ya zamani mno, mwaka 1457 bunge la mfalme James II wa kule liliipiga marufuku pamoja na mpira wa miguu kwa sababu vijana walikuwa hawafanyi mazoezi ya upinde. Yaani serikali iliona watu wanacheza tu na vita viko mlangoni. Mji unaoitwa nyumba ya gofu ni St Andrews, na klabu maarufu pale ilianzishwa 1754 na mabwana 22, wenye ardhi na vyeo, wakaweka fimbo ya madini ya fedha ya kushindania. Mwaka 1764 ndio walipunguza mashimo kutoka 22 kwa raundi yakawa 18, ndio maana mpaka leo dunia nzima inacheza 18. Jina la kifalme, Royal and Ancient, walipewa na mfalme William IV mwaka 1834. Haya, hao ndio mababu wa hizi klabu zetu, ndio tulioiga kwao koti na tai, kofia uvue ukiingia ndani, usikanyage njia ya mpira wa mwenzako, ukichimbua kipande cha nyasi ukirudishe, ukifunga shimo kwa pigo moja basi wewe mwenye bahati ndio unawanunulia baa nzima vinywaji. Hii ya mwisho sijawahi kuielewa, mtu amepata bahati ya maisha halafu ndio anatozwa, lakini sawa, pombe ni pombe, na kedi wake anapata soda.

Lakini sikiliza mila kubwa kuliko zote pale St Andrews. Kila mwaka mwezi wa tisa kapteni mpya anaapishwa kwa kupiga mpira mmoja tu, asubuhi saa mbili, mbele ya watu, na akipiga mzinga unalia papo hapo, bumm. Na mbele huko kwenye majani wamejipanga nani? Makedi. Mpira ukidondoka wanaugombea kama watoto wa mtaani wanavyogombea pipi ya harusi, atakayeupata anaurudisha kwa kapteni, na kapteni anaununua kwa sarafu ya dhahabu. Dhahabu Mhariri! Halafu mfano wa mpira huo unatengenezwa kwa fedha unatundikwa kwenye ile fimbo ya fedha pamoja na ya makapteni waliomtangulia, na kapteni akiwa wa ukoo wa kifalme wa kwake unakuwa wa dhahabu. Yaani siku ambayo kapteni anakuwa kapteni, katikati ya sherehe yenyewe pameachwa nafasi ya kedi. Bila kedi kurudisha mpira shughuli haijakamilika.

Sasa kwetu, klabu niliyokuwa mimi, kapteni mpya naye alikuwa anapiga mpira wa kufungulia mwaka. Makofi yapo, picha zipo, mbuzi wa kuchoma yupo. Sarafu ndio iliyosahaulika kwenye meli. Mwaka mmoja ni mimi niliyeufuata ule mpira, ulienda kushoto kwenye mfereji, nikautoa na matope mpaka magotini, nikauleta, akaupokea akaufuta akaweka mfukoni akaendelea na hotuba yake. Sisemi alikuwa mbaya. Hajui tu kwamba mila anayoifanya ina nusu ya pili.

Na kuna mwingine, Old Tom Morris. Huyu alizaliwa St Andrews 1821, mtoto wa mfumaji, akaanzia kwenye karakana ya kutengeneza mipira, zile za zamani za ngozi zilizoshindiliwa manyoya ya bata, na kubeba mabegi ya wakubwa. Baadaye akashinda mashindano makubwa ya Open ya Uingereza mara nne, akatunza kile kiwanja miaka na miaka, na alikufa 1908, mwaka ule ule ambao Kampala walikuwa wanaanza klabu yao. Hakuwa bwana wa vyeo, alikuwa mfanyakazi. Lakini leo shimo la 18 pale St Andrews lina jina lake, na picha yake imetundikwa ndani ya nyumba ya ile klabu ya mabwana. Kwa hiyo wenye mila yao wanajua kuweka jina la mfanyakazi ukutani. Sisi tulioiga ndio hatujafika hapo. Na siwapambi wale wa kule bure, hao hao walikaa miaka 260 ndio wakapiga kura kukubali wanawake kuwa wanachama, mwaka 2014 juzi hapa, wakati kwetu akina mama wanacheza siku nyingi na wana kapteni wao, na binti kama Flavia Namakula ameshabeba kombe la Uganda Ladies Open zaidi ya mara moja. Kwa hiyo kuna mahali tumewatangulia, tusijidharau.

Basi nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Ile klabu yangu, mwaka wangu wa mwisho pale, walikuwa wanabadilisha paa na kupaka rangi. Vitu vikatolewa nje, viti, meza, makabati, na maboksi ya madaftari ya zamani yakawekwa barazani upande wa nyuma. Mvua ya mwezi wa nne ikaja na upepo. Kesho yake yale maboksi yamelowa chini, mchwa nao walishaanza zamani, mtu mmoja wa ofisi akasema hizo takataka zitolewe. Pale getini kulikuwa na kijana anauza chapati na roleks, ile chapati inayoviringishwa na mayai ndani, akayachukua yote kwa elfu tano. Karatasi nzuri nene, kwa nini anunue gazeti (samahani Mhariri).

Wiki mbili tatu tukala roleks zilizofungwa humo. Mimi mwenyewe nilikula bila kuangalia, njaa haisomi. Mpaka siku moja nimekaa chini ya mti nafungua, nikaona mwandiko. Wino wa bluu umelala upande, mwandiko wa mtu aliyefundishwa na padri. Juu kabisa tarehe, ya mwezi wa nane 1957. Chini mistari imepigwa kwa rula, namba, jina, mashimo, malipo. Namba 1, jina. Namba 2, jina. Majina ya watu, Mhariri, majina ya baba zetu, la Kisoga, la Kiacholi, la Kinubi, majina kumi na moja, na mbele ya kila moja senti ngapi alilipwa. Pembeni kuna maneno madogo, huyu amechelewa, huyu amepoteza mpira kakatwa senti 20, huyu ni mgonjwa. Mafuta ya chapati yalikuwa yameshaingia kwenye karatasi, yamefanya upande wa pili uonekane, kwa hiyo watu wa Jumamosi na watu wa Jumapili wamepandana, unasoma mmoja unamwona mwingine nyuma yake. Lilikuwa daftari la kedi masta wa kwanza. Mahali pekee kwenye ile klabu nzima ambapo namba ilikaa karibu na jina.

Nikakimbia getini na mayai mdomoni. Nikamuuliza yule kijana mengine yako wapi, akanionyesha barabarani, yaani yameshakwenda na wateja. Kilichobaki kilikuwa jalada gumu la daftari, alikuwa anapepea nalo sigiri. Nikaenda ofisini, nikasubiri mpaka saa tisa ndio nikapata wa kuongea naye, nikamwonyesha ile karatasi. Akaishika kwa vidole viwili kwa sababu ya mafuta. Akaniambia hizo zilikuwa za makedi, vitu vya maana vya klabu viko salama kwenye kabati la kioo. Ni kweli vipo, nimeviona kwa lile dirisha letu, vikombe, picha, kadi ya alama ya mzungu mmoja aliyepiga vizuri zamani, imewekewa na fremu.

Sasa ombi langu ni hili, na sio kubwa. Mtume mwandishi mmoja, awe na simu ya kurekodi, aende Entebbe, Kampala, Jinja, Fort Portal, Tororo, atafute makedi wazee kabla hawajaisha. Wapo. Asiende baa, kule shimo la 19 atapata hadithi za makapteni tu, aende nyuma kwenye kibanda cha makedi aulize mzee fulani anakaa wapi, ataonyeshwa. Wacheza gofu wengi wa kulipwa wa nchi hii walianza kwa kubeba mabegi, hilo kila mtu kwenye gofu analijua, basi hao mabingwa walifundishwa na nani kusoma grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo? Sio na kitabu. Na klabu zenyewe, ubao wa pili hauna gharama, fundi wa mbao yupo, rangi hata isiwe ya dhahabu.

Kuna mzee mmoja mi humtembelea, amepita miaka themanini sasa, alianza kubeba mabegi akiwa mtoto wakati wa wazungu. Macho yamefifia lakini kiwanja kizima kiko kichwani, atakwambia kutoka kwenye ule mwembe mpaka grini ya nne ni hatua 140, na kama mvua imenyesha usiku uhesabu kama 150. Anasimulia walivyokuwa wanachonga fimbo kwa mti wa mpera, wanaokota mipira kwenye kinamasi, na Jumatatu kiwanja kikiwa kitupu wanacheza wenyewe mpaka giza, wamekimbia mlinzi. Anasimulia vile bwana anapiga mara saba, anafika kwenye shimo anasema tano, anakugeukia, kedi tano si ndiyo, na wewe unasema tano bwana. Watu wanasifu kwamba gofu ni mchezo wa waungwana, hauna refa, kila mtu anajihukumu mwenyewe. Ni kweli, lakini hukumu halisi alikuwa nayo mzee huyu, ameikalia miaka sitini.

Mwezi jana nilimpelekea ile karatasi. Nimeiweka kwenye nailoni sasa, bado ina harufu ya vitunguu. Nikamsomea majina polepole, moja moja, yeye amekaa kwenye kigoda kichwa kimeinama, nikadhani amelala. La kwanza hajui. La pili alikuwa jirani yao, alikufa zamani. La tatu akacheka bila kusema kwa nini. Nilipofika la tano akanyanyua kichwa, akanyoosha mkono akataka kuishika karatasi mwenyewe ingawa haoni, akaniuliza mara mbili, nani umesema? Nikarudia.

Akasema, huyo ana shilingi zangu mbili.

Ni mimi msomaji wako, jina langu nimekuandikia nyuma ya bahasha lakini usilichape kwa sababu ya yule ndugu yangu, andika tu

Kedi wa zamani, namba 34,
Kampala.